Gari Lililovuta Hewa

Jua lilikuwa linaelekea kuzama upande wa Urambo wakati fundi Revocatus alipoamua kulitoa tena lile gari gereji na kulijaribu barabarani. Alikuwa amelichoka. Kama si aibu, angelisukuma mpaka nje ya geti na kufunga.

Lilikuwa salooni kuukuu ya Mwalimu Luhende, mstaafu wa pale Kitete, Tabora. Taa ya injini ilikuwa ikiwaka tangu mavuno ya mwaka jana. Kila Revocatus alipochomeka mashine ya kupimia, jibu lilikuwa lile lile: P0171. Mchanganyiko mwembamba. Hewa nyingi, petroli kidogo. Kwa lugha ya gereji, gari lilikuwa linavuta hewa mahali.

Mahali gani? Hapo ndipo akili ilipomgomea. Alisafisha sensa ya hewa. Taa ikazimika, kesho yake ikarudi. Alibadili chujio la petroli, akapima pampu, akafungua nozeli za kupulizia petroli moja moja. Ikarudi. Akachukua dawa ya kusafishia kabureta, akaipuliza kwenye mipira yote ya injini huku ametega sikio, maana penye tundu dawa huvutwa ndani na injini hubadili mlio. Lakini grenda ya jirani ya kukatia vyuma ilikuwa inalia, hakusikia kitu. Siku hiyo aliyebadilika alikuwa Mwalimu Luhende mwenyewe, aliyekuwa ameketi kwenye benchi mbali kabisa, upande wa pili wa uwanja. Alikohoa mpaka akatoka machozi.

"Mdomo wote una ladha ya dawa yako, fundi," alisema akitema mate.

"Ni harufu tu, mwalimu."

Halafu kulikuwa na mke wa mwalimu, Mama Paskazia. Siku moja alikuja gereji peke yake, amejifunga khanga kichwani, akazungumza kama mtu aliye kanisani.

"Mwanangu, mwambie taa hizi ni kawaida kwa magari ya zamani. Mrudishie gari lake."

"Mama, mimi sijashindwa."

"Sijasema umeshindwa. Nimesema liache."

Maneno hayo yalimkera Revocatus kuliko taa yenyewe. Aliona mama wa watu amekwisha kumhesabu na wababaishaji. Ndiyo maana jioni ile alimpigia mwalimu simu, wakaondoka pamoja kuelekea mashariki, kwenye njia ya vumbi ambayo zamani walipita wapagazi wa misafara. Huko hakuna grenda. Huko angesikia.

Mwalimu alikaa kiti cha abiria, anatafuna tangawizi. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepona.

"Mwaka jana mimi nilikuwa wa kuzikwa, Revo. Kifua kilifunga. Hospitali wakasema nirudishwe nyumbani, nikae na watu wangu. Mke wangu akamkodi dereva, akaondoka na gari hili hili mpaka huko mbele ya Tura. Akalala huko. Aliporudi, kabla hata hajashuka garini, mimi huyo nikaketi kitandani, nikaomba uji."

"Alileta dawa gani?"

"Hakuleta kitu. Nami sikuuliza."

Miti ya miombo ilianza kuwa mieusi. Gari likasitasita, likavuta, likasitasita tena. Kwenye dashibodi, taa ya njano ikawaka.

Revocatus aliachia msonyo mrefu. Akalisimamisha kando ya njia, akafungua boneti, akasikiliza. Bila kukanyagiwa mafuta, injini ilikuwa inapanda na kushuka, lakini feni na mikanda vilimchanganya. Akarudi kwenye usukani, akazima. Akataka angalau ipoe, aingize mkono nyuma ya manifoldi, bomba la kuingizia hewa, mahali pasipofikiwa na macho.

Kimya kikatanda. Vyuma vilikuwa vinalia ti... ti... vikipoa.

Kisha akausikia mlio.

Sss... haa.

Sss... haa.

Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Hatimaye. Hewa ilikuwa inavuja, tena si mbali. Aliinama, akaufuata mlio kwa sikio, akapenyeza mkono chini ya manifoldi kuelekea ukuta wa nyuma. Vidole vyake vikagusa mpira mwembamba ambao hakuujua. Haukuwa wa gari. Ulikuwa umefungwa kwa uzi mwingi, na ncha yake ilikuwa wazi.

Ndipo alipokumbuka.

Injini alikuwa ameizima.

Sss... haa.

Hewa ilimpuliza kidoleni. Ya moto, yenye unyevunyevu. Halafu ikamvuta ngozi, taratibu. Halafu ikampuliza tena. Ikatoka na harufu... si ya petroli. Si ya oili.

Tangawizi.

Nywele zilimsimama shingoni. Lakini hasira za siku zote hizo zilikuwa bado ndani yake, na mkono wa fundi ukikuta tundu hauulizi ruhusa. Aliliziba kwa kidole gumba.

Mlio ukakatika.

Ndani ya gari, Mwalimu Luhende, aliyekuwa akisimulia habari ya mjukuu wake, akanyamaza katikati ya neno.

Revocatus alisubiri amalizie. Hakumalizia. Badala yake ilisikika pu... pu... kama mtu anayepiga dashibodi kwa kiganja. Akachungulia kwenye upenyo kati ya boneti na kioo. Mwalimu alikuwa ameachama, macho yamemtoka, mishipa ya shingo imesimama kama kamba. Kifua hakikutikisika.

Revocatus aliuchomoa mkono ili amkimbilie.

Haa.

Nyuma ya kioo, kifua cha mwalimu kikajaa. Akakohoa, akajifuta machozi.

"Sijui nini kimenikaba," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Tangawizi labda."

Mtu mwingine angefunga boneti na kuondoka. Revocatus hakuweza. Alijiambia ni bahati mbaya tu, mambo mawili yamekutana. Alijiambia yeye ni mtu wa spana, si mtu wa mambo ya kishenzi. Akaurudisha mkono. Akaliziba tundu tena, kidogo tu, kama anavyobana waya kuona kama taa itazimika.

Pu... pu... pu...

Aliachia. Akashusha boneti taratibu.

Walirudi mjini. Mwalimu alisinzia njiani, na Revocatus aliendesha polepole, akikwepa kila shimo kama aliyepakia mayai. Alipopandisha kioo ili asisikie, alisikia. Gari na mzee walikuwa wanahema pamoja.

Mama Paskazia aliwapokea mlangoni. Alimwangalia mumewe, akamwangalia fundi mkononi. Kwenye kidole gumba chake kulikuwa na duara jeusi lililokataa kufutika kwa tambara. Mama alimngoja mzee aingie ndani.

"Umeuona," alinong'ona.

"Ni nini kile, mama?"

"Kule Tura nilikwenda kwa mganga mmoja mzee, akanieleza hivi. Zamani za misafara, mpagazi akiugua njiani, walimtoa pumzi wakaiweka kwenye kibuyu. Mwenzake akakibeba. Mgonjwa akabaki nyuma amelala, lakini hafi, maana pumzi yake inatembea. Akaniambia, siku hizi hakuna anayebeba kibuyu. Akaniuliza, nyumbani kwenu mna kitu gani kinachotembea?"

"Na mwalimu anajua?"

"Angejua angekubali? Mzee wa kanisa, yule." Alivuta khanga yake. "Ndiyo maana nilikuomba uliache."

"Mama, injini ikivuta hewa namna ile haidumu. Inaungua valvu. Itakufa."

Mama Paskazia alimfumbatisha Revocatus funguo za gari mkononi, naye akaelewa kwamba kuanzia siku hiyo lile gari lilikuwa mzigo wake yeye.

Asubuhi alifungua dashibodi akachomoa balbu ya taa ya injini. Akamwambia mwalimu tatizo limekwisha. Ulikuwa uongo wa kwanza aliowahi kumwambia mteja, na mwalimu alimshukuru kwa kumshika mkono kwa mikono yote miwili.

Wiki zilipita. Kila jioni Revocatus alitafuta kisingizio cha kupita Kitete. Akiona gari limeegeshwa chini ya kibanda, na mzee barazani na gazeti lake, usingizi ulimjia. Ilikuwa kero ya aina nyingine, na hakuwa na wa kumwambia.

Jumamosi moja alipita mapema, jua bado kali. Kibanda kilikuwa kitupu.

"Shikamoo, mwalimu. Gari liko wapi?"

"Marahaba. Karibu chai, Revo." Mwalimu Luhende alimsogezea kiti, uso umemnawiri. "Nimeliuza. Linakunywa petroli mno. Amelichukua kijana mmoja anaitwa Masanja, wa Igunga, mnunuzi wa mpunga. Ameondoka nalo jana. Mke wangu yuko Tura kwa dada yake, nataka akirudi nimshtue na jambo hili."

Revocatus alisimama palepale na kikombe alichopewa.

"Namba yake unayo?"

"Ya nini tena?"

"Nipe tu, mwalimu. Tafadhali."

Simu iliita sana. Ilipopokelewa, nyuma ya sauti kulikuwa na makelele ya gereji, nyundo na muziki.

"Masanja? Mimi ni fundi wa Tabora, niliyekuwa nalitunza gari ulilonunua. Sikiliza. Pale nyuma ya manifoldi pana mpira mdogo..."

"Kumbe ulikuwa unajua?" Masanja alicheka. "Mlininyamazia. Limenisumbua njia nzima. Basi fundi wa huku ni hodari, bro, ameuona sasa hivi. Yuko chini ya boneti, anatafuta cha kuuzibia."

"Mwambie asiguse. Masanja. Mwambie aache."

"Unasemaje? Sikusikii, kuna kelele. Ngoja nimpe simu mwenyewe..."

Kwenye kiti cha pili Mwalimu Luhende alikuwa anamwelekea kwa tabasamu, anataka kuuliza kuna nini. Aliinua kikombe chake cha chai. Kikombe kikafika nusu ya njia kwenda mdomoni, kikasimama.