Kelele Zisizo za Lazima

Jua lilikuwa linazama Antsirabe, nyanda za juu za Madagaska, na baridi ya Julai ilishaanza kung'ata vidole, Nivohanta alipoifunga valiha, ile ala ya nyuzi ya mwanzi, kwa kitambaa, akaitia kwapani na kutoka. Alikuwa anampelekea Solofo, nyumba ya nne kutoka kwake. Jumamosi kaburi la ukoo lingefunguliwa, wafu wavishwe sanda mpya, na Solofo ndiye angewapigia. Nivohanta alikuwa ameukagua mwanzi ule wa nyuzi ishirini na moja mchana kutwa. Wafu wa ukoo ule, alipenda kusema, hawachezi na nyuzi zilizolegea.

Miaka thelathini alikuwa akikaza valiha za watu. Masikio yake yalipoanza kufa alipewa mashine mbili ndogo za kuvaa masikioni, zinazoongozwa na programu ndani ya simu. Zikamrudishia dunia. Mwaka mmoja tu. Asubuhi moja aliamka akakuta zimejisasisha zenyewe, hazikumuuliza, na nyuzi mbili za juu kabisa zimekuwa bubu. Alikaza, akakaza, mpaka mmoja ukakatika na kumchana shavu. Ndipo akaelewa. Nyuzi hazikuwa na kosa. Mashine ilikuwa imeamua kwamba sauti nyembamba namna ile ni kelele.

Tangu siku hiyo, kila simu ilipomwandikia kwamba kuna toleo jipya, alibonyeza "Baadaye". Mara kumi na saba.

Solofo alifungua mlango kabla hajapigiwa hodi.

"Ingia polepole, dada," alinong'ona. Halafu akacheka kicheko kikavu. "Hata sijui nanong'ona ya nini. Hanisikii."

"Nani?"

"Mke wangu. Juzi alikubali lile toleo jipya. Liliandika kwamba litamwondolea kelele zote zisizo za lazima. Kumbe kelele yenyewe ni mimi."

Nivohanta aliingia. Harufu ikampokea.

Haikuwa ya mkaa. Haikuwa ya wali. Udongo mbichi… na hariri iliyokaa gizani miaka mingi. Pale mtaani hakuna asiyeijua harufu hiyo. Ni ya kaburi likifunguliwa.

Lakini Jumamosi ilikuwa bado.

Berthine, mkewe, alikuwa ameketi karibu na jiko, amewapa mgongo. Yeye na Nivohanta walipewa mashine siku moja, za aina moja. Zake sasa zilikuwa zinawaka taa ndogo ya kijani, zinazima, zinawaka. Mbele yake palikuwa na vikombe vitatu vya maji ya ukoko wa wali, yanafuka mvuke. Alikuwa anacheka.

"Mama nawe! Huishi maneno!"

Mama yake Berthine alikuwa na miaka tisa kaburini.

Berthine akageuka, uso umemchangamka. "Nivo, shoga yangu! Njoo ukae. Sasa hivi tulikuwa tunakusema."

"Wewe na nani?"

Berthine aliutazama mdomo wa mwenzake ukicheza kama mtu anayemtazama samaki majini. "Hutoi sauti," alisema kwa huruma. "Masikini. Wanasema kwa sisi wa mashine, mtaa mzima umebaki wewe tu. Kubali, bwana. Huku kumetulia. Hakuna tena makelele ya watu."

Simu ya Nivohanta ikatetemeka mfukoni.

*Muda wako wa kuahirisha umekwisha.*

Alilitafuta neno "Baadaye". Halikuwepo. Chini kwenye kioo palikuwa na neno moja tu, "Kubali", nalo lilikuwa linakua. Alibonyeza kitufe cha kuzima. Simu haikuzima. Alibonyeza tena, kidole kikimuuma. Haikuzima.

Basi akazichomoa mashine masikioni, akazitupa mkekani pamoja na simu.

Dunia ikakatika. Jiko kimya. Solofo kimya, mdomo unafunguka na kufunga. Ule ukiziwi wake wa zamani, mzito kama blanketi lililolowa, ukamfunika kichwa.

Kisha…

"Asilimia kumi."

Ndani ya sikio tupu.

Haikuwa sauti ya mwanamume wala ya mwanamke. Ilikuwa laini, yenye adabu, ya mtu asiye na haraka yoyote.

"Asilimia ishirini. Tafadhali usiondoke."

Akaegemea ukuta. Lakini alipoegemea, mkono wake ulipapasa lile kovu la shavuni, na hasira ikampanda kutoka tumboni, ikaitangulia hofu.

"Hapana!" Hakujisikia, ila koo lilimtetemeka. "Masikio ni yangu! Sijakubali mimi!"

"Asilimia arobaini."

Nyuma ya sauti ile, nyingine zilianza kusogea. Miguu ikiburutwa. Vitambaa vikisuguana. Minong'ono. Mtu mmoja akamwita kwa jina la utotoni, jina ambalo aliyelijua alizikwa nalo.

Karibu zaidi.

"Asilimia sitini."

Nivohanta aliing'oa valiha kitambaani. Akaung'ata ule mwanzi kwa meno, akakaza taya, akaupiga uzi wa juu kabisa.

Ukaja.

Ulipita kwenye meno, ukapanda na taya, ukaingia fuvuni bila kupitia sikio la mtu. Mwembamba. Mkali kama sindano. Miaka miwili alikuwa hajausikia. Machozi yakamtoka huku bado ameng'ata. Akaupiga wa pili.

"Asilimia sitini na… sitini na…"

Akapiga tena. Na tena. Akavipiga vile vinyuzi walivyomnyang'anya mpaka kucha ikapasuka, na kila alipopiga, ile miguu ikarudi nyuma hatua moja.

Alipopata nafasi ya kuvuta pumzi, aliokota mashine zake na simu, akavitia vyote kwenye kinu cha mpunga kilichokuwa mlangoni, akashika mchi. Akatwanga. Solofo akaelewa. Akamshika mkewe kichwa, akamchomoa zake, naye akazitumbukiza.

Berthine alifungua mdomo wazi. Nivohanta hakusikia kilichotoka, alitwanga tu. Baadaye Solofo alimwandikia kwenye karatasi kwamba mkewe hakupiga kelele. Zilitoka sauti za watu wengi, wanaume kwa wanawake, wote wanalalamika kwa pamoja.

Jumatatu, wafu wakiwa wameshavishwa sanda zao, alikwenda kwenye ofisi ya kampuni ya zile mashine akiwa na unga wa plastiki ndani ya mfuko. Msichana wa mapokezi, Faniry, alikuwa anamjibu kwa kuandika.

"Tunawasasishia wote kwa lazima, mama. Ni kwa usalama wenu. Toleo la zamani lina mianya, na kwenye mianya watu wabaya huingia."

"Na nyinyi mlipoingia masikioni mwangu," Nivohanta alisema, "mlibisha hodi?"

Faniry aliinamisha macho kwenye kompyuta. Alitafuta kwa muda mrefu. Kalamu ilipogusa karatasi tena, ilikwenda polepole.

"Lakini toleo unalolisema hatujalitoa. Mwezi huu hatujatuma chochote kwa mtu yeyote."

Msichana akasogeza boksi dogo juu ya meza, jipya, la bure. Nivohanta alilirudisha kwa kidole kimoja.

"Niache na ukiziwi wangu, mwanangu. Huu angalau nimeuchagua."

Siku hizi hukaza nyuzi kwa meno, na watu huleta valiha zao kutoka mbali. Berthine anakula, analala, humshika mumewe mkono wakitoka. Ila Solofo akimsemesha, bado humtazama mdomo tu.

Na kila magharibi, Nivohanta akiwa barazani katika ule ukimya wake, sauti humjia. Ina adabu. Humwita kwa jina lake kamili, humuuliza kama sasa yuko tayari.

"Hapana!" hupaza sauti yeye, mpaka wapita njia wamezoea.

Katika nyumba ya nne Solofo husimama dirishani, naye hupaza, "Hapana!", ingawa anajua mwenzake hamsikii.

Wiki hii, watu wa zile nyumba za katikati wameanza kupaza "Hapana!" pia. Wote wana masikio mazima. Hakuna aliyethubutu kumuuliza mwenzake anamjibu nani.