Haiko Pengine

Masika alimucheka Ushindi hata hajajua jina yake, na mapenzi yao ilianzia pale.

Ilikuwa Birere, soko ya Goma, asubuhi, saa ile watu wanapita bega kwa bega, pikipiki zinapiga honi, na chukudu, ile kinga ya mbao ya mizigo, imejaa makaa inashuka bila kuomba ruhusa ya mutu. Mwaka ule vita ilikuwa imesukuma watu wa Masisi wengi sana mupaka Goma, hata ukikanyaga mutu muguu, heri uombe samahani kwa Kihunde, luga yao. Ushindi alikuwa mumoja yao. Kijana murefu, shati nyeupe iliyofuliwa mupaka kola ikakuwa laini sawa karatasi ya sigara, suruali aliinyoosha kwa kuilalia. Kwapani alibeba diksioneri ya Kiingereza iliyopoteza ganda.

Kijana alitaka kujua Kiingereza, na haiko ile ya good morning. Alitaka maneno kubwa, ile ya maofisi, juu wadokta wazungu walikuwa wanatafuta mutafsiri. Alikuwa na akili yake ya kujifunza. Neno ikifanana na ya Kifaransa, alisema hizi ni ndugu za tumbo moja, akairuka. Kitabu alifungulia tu neno ngeni. Kwake kutafuta maana ya ndugu ilikuwa kupoteza wakati.

Sasa mbele ya duka ya Mama Léonie, shangazi ya Masika, muteja mumoja alikuwa anageuza-geuza karto ya jus ya matunda iliyotoka Kampala.

"Hii maandishi inasema nini? Mutoto wangu, vitu vya dawa-dawa vinamusumbuaka tumbo."

Ushindi akasimama. Akakohoa sawa mutu anaenda kusoma misa. "Mama, lete nikusomee."

Akatua kitabu juu ya gunia, akasoma kwa sauti: "No preservatives." Akafunga macho kidogo, akafungua. "Inasema hakuna préservatif. Mama, kuwa na amani, hakuna kapoti ndani."

Kapoti, ni kusema kondomu, neno ile sisi wazee hatuisemake mbele ya wakwe. Muuza nyanya akatua beseni chini juu ya kucheka. Muteja akaachilia karto sawa imemuuma.

Masika akatokea toka ndani. Kitenge ya ndege za manjano, kitambaa ya kichwa imefungwa upande, hereni ndogo zinatingishika na kicheko alichokuwa anakizuia.

"Papa," akamwambia, na heshima yote, "kwenu, mu jus munatiaka nini?"

Birere nzima ikaanguka. Ushindi akatafuta mahali ya kuficha uso, hakuna.

"Neno ile ni dawa ya kuzuia chakula isioze," Masika akasema. "Mimi Munande wa Butembo, lakini nimekomalia Kampala, kwa biashara ya baba. Usikasirike."

Kijana alikuwa amekwisha kuondoka, anakanyaga maji ya mutaro na viatu vyake vya pekee. Nyuma akasikia sauti: "Eh, Papa Kapoti! Umesahau kitabu yako!"

Akarudi. Angefanya nini? Akanyoosha mukono bila kuinua macho.

"Jina yangu ni Ushindi."

"Ushindi wa nini, leo?"

Hapo hata yeye akacheka. Na Masika akashikilia kitabu mupaka akapewa nambari ya simu.

Toka siku ile simu haikupumua.

"Chérie, nipe neno ya kulala nayo."

"Kama ni neno tu ndiyo utalala nayo, sawa. Reluctant."

"Reluctant... haifanani na kitu."

"Basi fungua kitabu. Ile zenye zinafanana ndizo ninakuogopea."

Akafungua, akarudi kwa simu. "Ni mutu mwenye anaenda na roho nzito, miguu inakataa."

"Sawa wewe ukitoka kwangu?"

"Sawa mimi nikitoka kwako."

Mama Léonie alikuwa anauliza musichana anacheka na nani mule mu magunia.

Wadokta wakamupa kazi ya mutafsiri, juu hakuna mwingine aliyejaribu. Akanunua soksi. Lakini kitu moja ilimula roho. Alimwambia Masika kama anaishi Katindo, ndani ya mujini, kwa mujomba. Mujomba hakukuwa. Kila mara alimuaga njia ya Katindo, akizunguka nyumba moja, akashika njia ya Sake na miguu, mupaka Mugunga, mu kambi ya wakimbizi, pale shitingi, zile turubai za plastiki, zimesimama juu ya mawe nyeusi ya volkano, na kila mulango unatoa moshi. Akifika anapangusa viatu, anajiona muongo musafi.

Siku moja akachoka. Akapiga simu.

"Masika."

"Chéri."

"Siko Katindo. Niko Mugunga. Nalala chini ya shitingi, na mvua ikinyesha nalala nimekaa."

"Na unanieleza leo juu ya nini?"

"Juu nataka kukuoa. Sitaki nikuoe na uongo."

Ndani ya simu akasikia sauti ya Mama Léonie: "Ni nani huyo anakutoa machozi?" Masika akasema mbio: "Nakuandikia," akakata.

Mesaji ikakuja. Ilikuwa mu Kiingereza, juu shangazi alizoea kuchungulia simu, na Kiingereza ilimupita pembeni. Iliandikwa: "Eventually, I will be your wife."

Ushindi akasoma. Eventually. Ndugu ya éventuellement, kwa Kifaransa. Na éventuellement, hata mutoto wa shule ya Masisi anajua, ni pengine. Pengine nitakuwa bibi yako.

Haya ikamupanda toka nyayo mupaka masikio. Akaangalia shitingi yenye kiraka. Akaangalia sufuria nyeusi, na soksi mupya zimeanikwa kwa kamba. Pengine! Sawa mutu anauliza bei, anapapasa kitambaa, na hana nia ya kununua. Akasema ni haki yangu, nani anaolewa na shitingi? Akaweka diksioneri chini ya kichwa sawa kawaida, akaigeukia mugongo.

Masika akapiga, hakushika. Akapiga tena. Mwisho akashika, na kiburi yote ya mutu mwenye haya.

"Ushindi, uko mugonjwa?"

"Mimi masikini, Masika, lakini siko mutu wa pengine."

"Pengine ya wapi? Nani amesema pengine?"

Akakata. Hakusikiliza ulizo ile, na jibu yote ilikuwa ndani yake.

Kisha ikakuja mesaji ingine, mu Kiswahili, kavu: "Njia ya Kalengera imefunguka. Siku ya posho, jumamosi, napanda Fuso naenda kwetu Butembo. Nilitaka nijue jibu yako mbele niondoke."

Ushindi akasoma, akasema moyoni: anaenda kutafuta mwenye nyumba ya matofali. Hakujibu.

Siku ile ya posho asubuhi alikuwa mu hema ya wadokta, pale Mugunga. Kwa kitanda, Mama Séraphine, mama muzee wa Masisi, muguu ilivunjika wakati wa kukimbia, musururu ya watu nyuma yake wanangoja. Dokta, mwanamuke Mungereza mwenye pua iliyobambuka na jua, akapapasa muguu, akatabasamu, akasema maneno. Ndani yake Ushindi akasikia tena ile neno. Eventually, you will walk.

"Mama," akatafsiri, "dokta anasema pengine utatembea."

Mama Séraphine akavuta kitenge, akajifunika uso, na mabega ikaanza kutetemeka.

"Why is she crying?" Dokta akauliza kwa Kiingereza: mama analia nini, na wewe umemwambia nini?

"Nimesema ile ulisema. Perhaps."

Dokta akasimama. Sura ikawa nyekundu. Akasema polepole, sawa anaongea na kiziwi: yeye hakusema perhaps. Eventually haiko pengine. Ni hakika. Itakawia, kutakuwa maumivu, lakini mwisho wa yote itafika. "She will walk!" Atatembea, na Ushindi amwambie sasa hivi, mbele ya wote.

Diksioneri ilikuwa kwapani. Ilikuwa kwapani siku zote zile.

Ushindi akapiga magoti karibu na kitanda. Musururu yote ikasogea kusikiliza.

"Mama, unisamehe. Nilikosa neno. Haiko pengine. Utatembea. Itakawia, lakini utatembea."

Kitenge ikashuka. Jicho moja ikamuangalia.

"Wewe kijana, ulitaka kunikata muguu kwa mudomo yako?"

Watu wakacheka. Yeye machozi yalikuwa yanashuka mupaka kwa kola ile laini.

"Sasa unalia nini, na muguu ni yangu?"

"Kuna mwingine nilimukosea neno ile ile, mama. Fuso yake inaondoka leo."

"Na bado unanipigia magoti mimi?"

Akaomba dokta ruhusa, akaruka kwa pikipiki ya kwanza. Birere, Fuso ilikuwa imewasha moteri, watu wamekaa juu ya magunia. Masika alikuwa juu, na kitenge ile ya ndege za manjano.

"Masika! Shuka, nikueleze!"

"Sishuki. Eleza toka hapo, watu wanakujua."

Kweli walimujua. Muuza nyanya alikuwa amekwisha kutua beseni.

"Ile mesaji yako... nilisoma eventually, nikasema ni Kifaransa. Nikasema ni pengine."

Masika akafunika mudomo. "Sema tena?"

"Nilisema ni pengine! Nikaona unanikataa juu ya shitingi!"

"Papa Kapoti," akasema, na sauti ikavunjika katikati ya kicheko na kilio, "mimi nimekupa roho yangu, na wewe unairuka bila kutafuta maana?"

"Nimekosa. Nasikia haya, Masika, hata sijui niweke uso wapi."

"Weka hapa niione." Akainama toka juu ya magunia, akamushika shavu mbele ya Mama Léonie na soko yote. "Naenda kumwambia baba kama kuna Muhunde mumoja wa Mugunga, hajui kusoma karto, lakini hanioi na uongo. Baba ni mugumu. Na njia, unajua namna vita inaifungaka."

Fuso ikaanza kutembea. Ushindi akaikimbiza.

"Utarudi?"

Masika akapiga kelele juu ya moteri: "Eventually!"

Akasimama mu vumbi, na mara hii alijua maana yake.

Kule Mugunga, Mama Séraphine alikuwa anamungoja, macho kwa mulango ya hema.

"Ulimukuta? Amesema pengine?"

"Hapana, mama. Amesema itakawia."

Mama Séraphine akachukua fimbo yake toka chini ya kitanda, akanyoosha mukono ile ingine.

"Basi nisaidie nisimame."