Mgongo wa Kandida Ukutani

Foleni ya sabuni ilikuwa imelizunguka duka la ushirika pale Babati mjini.

"Dada, usigeuke kwanza!"

Kandida, binti wa miaka ishirini na mbili, akageuka. Kijana mrefu, shati limechanika kwapani, kashika karatasi na kalamu ya wino.

"Unanichora bila ruhusa?"

"Nilitaka kuomba, mgongo wako ukaniwahi."

Kandida akacheka, na hapo ndipo yalipomkuta. Kijana huyo, Herieli, mwandika vibao vya maduka, akawa wake wa kila Jumapili baada ya misa. "Ua langu" huku, "mchokozi wangu" kule.

Basi siku moja Kandida akapita kwa Shaaban fundi cherehani. Yesu wangu! Ukutani, kwenye karatasi, kasimama mwanamke kaupa mlango mgongo, mtupu kama alivyozaliwa, mstari mmoja wa wino toka shingo hadi kisigino. Uso hakuna. Lakini lile bega lililolala na ule mguu wa kushoto uliobeba mwili, nani Babati asiujue?

"Kandida, kumbe huwa unamvulia nguo Herieli!" mteja mmoja akamcheka.

Alimkuta Herieli juu ya ngazi, akiandika kibao. "Umenivua mbele ya watu!"

"Mpenzi, wino hakuna nchi nzima. Nauchora mwili, nguo naziacha."

"Kwa hiyo nguo zangu ndizo ulizoona za kubania wino?"

Nyumbani Maisaka, baba yake, mzee Thomasi, alishasikia. "Jumamosi unakwenda Mbulu kwa shangazi yako. Huyo mwanaume humwoni tena." Kandida alilia mpaka kwikwi.

Ijumaa Herieli akaja mwenyewe.

"Shikamoo baba. Utanipiga, lakini kwanza niruhusu nimchore mama, wewe ukiangalia."

Mama Kandida alikuwa akitwanga mahindi, sweta, vitenge viwili, mabuti miguuni. Kalamu ikashuka mara moja tu. Thomasi akaipokea karatasi.

"Mama Kandida! Njoo!"

Mama akaona, akashika kichwa. "Maria Mtakatifu! Kanivua na mabuti yangu!"

Kandida akachungulia. Kiuno kile cha mama yake, kilichoinama bila kuvunjika, hakuwahi kukiona hata siku moja. Hasira yote ikamwisha.

Mzee Thomasi aliitazama sana ile karatasi, kisha mkewe, kisha akaikunja na kuitia mfukoni mwa koti.

"Hii haitundikwi popote," akasema. "Na ya binti yangu kaitoe sasa hivi. Ukirudi hapa, rudi na wazee wako."

Mama ndiye aliyemsukuma Kandida: "Msindikize mwenzio, unasubiri nini?"