Taa ya Buluu Juu ya Kigari

Foleni ilianzia kwenye mlango wa duka la gemu, ikapita mbele ya duka la viatu na kufika hadi kwenye ngazi za umeme. Katikati ya vijana wenye mabegi mgongoni na simu mkononi alisimama mwanamke mmoja aliyevaa gauni la kijani lenye mikono mipana. Gauni lile alilishona mwenyewe zamani kidogo, na siku hizi alilipenda kwa sababu moja tu: mikono yake mipana ilimfichia mkono wa kulia. Alikuwa ameanguka akavunjika kifundo cha mkono, karibu na kiganja, akafungwa plasta, na plasta ilipotolewa alikuta mkono mwembamba, mkavu na mkaidi.

Alikuwa anatoka hospitali. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa amemwambia achezeshe vidole kwa kila njia, akande unga, abinye mpira, hata gemu acheze. Unga na mpira vilikwisha kumchosha. Basi alipoona tangazo kwamba watu wanaruhusiwa kulijaribu gemu jipya la mbio za vigari kabla halijatoka, akajipanga na watoto wa watu bila haya.

Alikuwa mshonaji, tena si wa kubahatisha. Alikulia kwenye chumba cha ushonaji cha shangazi yake, na wateja walikuwa wakisema mkasi wake hautetereki. Bila mkono ule hakujua angekuwa nani, na hofu hiyo hakuwa amemwambia mtu yeyote.

"Dada, foleni ya viatu ni ile pale," sauti ikamwambia.

Akageuka. Alikuwa muuzaji wa duka, mwanamume mrefu mwenye fulana nyeusi iliyochorwa kigari kifuani, na suruali iliyopigwa pasi kana kwamba anakwenda kuoa.

"Nimekuja kuwakimbiza hawa," alimjibu.

"Umewahi kucheza?"

"Sijawahi. Kwani hawa walizaliwa wanajua?"

Vijana wakaguna kwa kicheko. Muuzaji akacheka pia, akamkabidhi rimoti ya gemu, akabonyeza kitu kwenye skrini kama alivyokuwa akimfanyia kila mgeni, na juu ya kigari chekundu ikawaka taa ndogo ya buluu. Mshonaji aliiona, akadhani ni pambo tu, kama shanga kwenye kola.

"Ukigonga lile sanduku unapata silaha," muuzaji alimwelekeza. "Aliye mbele anapewa povu la sabuni tu. Aliye mkiani anapewa roketi."

"Sasa huo si upendeleo?"

"Huo ndio uhai wa mchezo. Wa mwisho akikata tamaa ataweka rimoti chini aende zake, na wewe utabaki unashindana na upepo."

"Na yule aliyejitahidi akatangulia?"

"Anakula roketi."

"Yaani mnamwadhibu kwa kujua! Mwalimu, hesabu zako hazijakaa sawa."

Muuzaji alijikuna kichwa. Ilionekana swali lile lilikuwa linamnyima raha siku nyingi. "Hapo ndipo watu wanapotoana macho," alisema. "Ndiyo maana nasubiri kwa hamu toleo kamili, hili ni la majaribio tu. Wanasema humo roketi wataipunguza makali. Haya, endesha, dereva."

Dereva aliendesha kama mtu anayefukuza kuku, na bado akamaliza wa tatu. Alipiga kelele za furaha mpaka watu wa duka la viatu wakachungulia.

Kuanzia hapo, kila akitoka hospitali alipitia dukani. Wateja wakiwa wachache, muuzaji, ambaye sasa alimwita Mwalimu, alimwashia toleo la zamani la gemu lile, taa ya buluu ikiwaka vilevile, kwenye mashine ya maonyesho nao wakakimbizana. Mshonaji alimpenda Mwalimu kwa jinsi alivyokuwa akisema peke yake mbele ya skrini, na jinsi alivyokuwa akibishana na wateja kuhusu vigari vizito na vyepesi kana kwamba anatetea haki za binadamu. Simu nazo zikaanza.

"Dereva, nina habari mbaya."

"Nani kafa?"

"Gemu jipya wamelisogeza mbele. Eti bado wanalirekebisha."

"Pole, mpenzi. Niwaite majirani tuje kukaa na wewe msibani?"

"Umesemaje?"

"Nimesema niwaite majirani."

"Hapana, hapo kabla."

Mshonaji akafunika uso kwa mkono wake wa kushoto, ingawa alikuwa peke yake chumbani. "Nimesema mpenzi. Una kesi?"

"Sina. Rudia tu."

Wakaahidiana kwamba siku gemu litakapotoka, halifunguliwi mpaka wawepo wote wawili. Siku nyingine mshonaji ndiye aliyempigia, furaha imemjaa hadi maneno yanagongana. "Leo ulipokuwa na wateja sijatoka barabarani hata mara moja! Kona zote nimezipita. Mkono umerudi, Mwalimu. Umerudi!"

Upande wa pili hapakuwa na jibu.

"Upo?"

"Nipo," alisema. "Nakusikiliza unavyocheka."

Tangu mkono uvunjike, shangazi alikuwa amemwekea mkasi mkubwa juu ya kabati na kumwachia vifungo na kufagia vipande. Shangazi alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa ulimi, mwenye miwani mbili, moja ya kushonea na moja ya kutazamia wateja. Wiki ile bibi harusi mmoja alikuwa ameleta kitambaa chake cha lesi, cheupe, laini kama ngozi ya mtoto.

"Shangazi, nikate mimi."

"Wewe? Kwa mkono upi?"

"Huu. Umepona. Naendesha kigari kona zote bila kutoka barabarani, na ile ni kazi ya vidole vitupu. Muulize Mwalimu."

Shangazi alimtazama kwa miwani moja, kisha kwa nyingine. Alimpenda mtoto huyu wa kaka yake, na moyo ulimuuma kumwona na ufagio. Akamshushia mkasi.

Alikata mgongo vizuri. Alipofika kwenye mkunjo wa kifua, pale mkasi unapotakiwa kugeuka taratibu, kidole gumba kiligoma. Mkasi ukaruka. Lesi ikachanika kutoka kwapani mpaka katikati ya kifua.

Shangazi hakumgombeza. Hilo ndilo lililomvunja. Alisema tu, "Weka chini, mama. Nitatafuta namna," akauchukua mkasi na kuurudisha juu ya kabati.

Mshonaji alitoka bila mkoba, akaenda moja kwa moja dukani. Alitaka kuuona mkono wake ukifanya kazi, hata kama ni kazi ya kigari. Mwalimu alikuwa stoo akipokea maboksi. Mashine ya maonyesho ilikuwa wazi, imetoka kuchezewa na mteja mwingine. Akaishika rimoti, akachagua kigari chekundu, akaondoka.

Kona ya kwanza akatumbukia majini. Akarudishwa barabarani, akatumbukia tena. Ya pili akagonga ukuta, akageuka nyuma, akatumbukia upande wa pili. Kidole gumba kilisukuma kijiti cha rimoti, lakini kilichelewa, na kigari kilikifuata kidole kwa utiifu wote.

Mwalimu alitoka stoo akamkuta hivyo, mabega yamekakamaa. "Dereva! Leo umekuja mapema."

"Mashine yako imeharibika."

Mwalimu akatazama skrini. Uso wake ukabadilika.

"Haijaharibika," alisema polepole. "Mteja aliyetangulia amezima taa."

"Taa gani?"

"Ile ya buluu, juu ya kigari. Ni msaada wa usukani. Ikiwaka, kigari hakitoki barabarani hata ukiachia kijiti. Siku ya kwanza nilimwashia kila mgeni. Nilidhani unajua, kila anayecheza gemu hili anajua. Halafu siku ile uliponipigia simu..." Akaitazama rimoti. "Siku ile nikatambua kwamba hujui."

"Ukanyamaza."

"Ulikuwa unacheka."

"Ukanyamaza!" Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta. "Nimekata gauni la harusi la mtu. Nimelichana kifuani. Nilimwambia shangazi mkono umepona kwa sababu ya kigari chako. Gemu lenyewe tayari linambeba wa nyuma, lina roketi zake, lina huruma zake zote. Wewe wa nini kuniongezea? Mimi nilikuwa nataka mtu mmoja tu duniani wa kuniambia mkono wangu umefika wapi."

"Nisamehe. Nilikuonea..."

"Usimalizie," alisema. "Usiseme huruma." Akaiweka rimoti juu ya meza, taratibu, akaondoka.

Mwalimu alimpigia siku hiyo, mshonaji hakupokea. Alimpigia siku zilizofuata, hakupokea. Siku moja simu iliita mezani na shangazi akainyakua.

"Hallo. Wewe ndiye wa vigari?"

"Ndiyo, shikamoo shangazi."

"Marahaba. Gauni nimelitia kipande kifuani, nikakifunika kwa maua ya lesi, na bibi harusi anadhani nilimpangia hivyo makusudi. Kwa hiyo mimi sikudai. Lakini huyu hapa hataki kuongea na wewe, nami simlazimishi."

"Naelewa, shangazi. Mwambie sipigi tena kumbembeleza. Gemu likitoka nitampigia mara moja, kwa sababu nilimuahidi. Baada ya hapo aamue mwenyewe."

Mshonaji alisikia yote, kichwa kimeinamia vifungo. Alikuwa amemkasirikia kweli, na alikuwa na hamu naye kweli, na vyote viwili vilikaa kifuani mwake bila kuelewana. Akarudi kwenye unga na mpira. Aliokota shanga kutoka kwenye sahani moja kwenda nyingine mpaka akaziota. Mtaalamu wa mazoezi alipompima, alimwambia, "Unapona, lakini polepole. Kidole gumba bado." Yalikuwa maneno machungu, lakini alitoka nje akiwa mwepesi. Walau alijua aliposimama.

Gemu lilitoka asubuhi yenye manyunyu. Simu ikaita.

"Limefika," Mwalimu alisema.

"Umelifungua?"

"Hapana. Kuna watu mlangoni wanataka kunila nyama, maana nimekataa kuliweka kwenye mashine ya maonyesho."

Akajizuia kucheka, akashindwa. "Nakuja. Lakini nasema mapema, taa izimwe."

"Itazimwa."

"Na wewe usiendeshe taratibu. Nikikukamata unanisubiri, hunioni tena maisha yako yote."

Alikuja na gauni la njano, mikono mifupi. Mkono mwembamba ulikuwa nje, watu wote wauone. Mwalimu aliutazama, kisha akamtazama usoni, akakata utepe wa boksi. Wakakaa bega kwa bega.

Mwalimu alimshinda vibaya. Mshonaji alitumbukia majini, akagonga kuta, akamaliza wa mwisho kabisa, huku Mwalimu akipita mstari na kugeuzageuza kigari chake kwa maringo.

"Una roho mbaya," alimwambia.

"Ulisema nisikusubiri."

"Nilisema. Tena."

Mara ya pili akawa wa mwisho. Mara ya tatu akapewa roketi, akaifyatua, akampiga Mwalimu mgongoni mbele ya mstari, na duka zima likalipuka kwa shangwe.

"Hawajaipunguza makali!" Mwalimu alilalamika. "Walituahidi!"

"Mimi naiona imekaa sawasawa."

"Kwa sababu uko nyuma."

"Ndiyo, niko nyuma," alisema, na kwa mara ya kwanza neno lile halikumchoma. Akamwegemea begani. "Nilikumbuka kelele zako, mpumbavu wewe."

"Nami nilikumbuka zako. Dereva, sitakuficha tena kitu. Hata kiwe kichungu."

"Tutaona," alisema.

Miezi ikasogea. Kidole gumba kilianza kutii, kidogo leo, kidogo kesho. Alasiri moja Mwalimu alimfuata kwenye chumba cha ushonaji, akamkuta amesimama mbele ya meza kubwa. Mkasi ulikuwa umeshushwa. Mbele yake kulikuwa na kitambaa cha suti, kijivu kizito.

"Simama wima nikupime," alimwambia.

"Mimi? Suti ya nini?"

"Wazazi wangu wameniuliza mwanamume wangu ni nani. Sitaki uje kuniposa na fulana yenye kigari."

Mwalimu alisimama wima. Alisimama wima kupita kiasi, na shangazi, aliyejifanya anatia uzi kwenye cherehani, akavua miwani ajifute macho.

"Kwa hiyo nakuposa?" Mwalimu aliuliza.

"Una kesi?"

"Sina. Ningekuja hata kesho."

"Kesho suti haitakuwa tayari. Inua mkono."

Alimpima mabega, kifua, urefu wa mkono, na kila alipomgusa alichelewa kidogo kuondoa vidole. Kisha akainamia kitambaa, akachora kwa chaki mstari mrefu wa bega. Alikuwa hajakata nguo tangu lesi ile. Akanyanyuka, akamtazama mpenzi wake.

"Niambie ukweli. Umenyooka?"

Mwalimu aliinama juu ya meza. Alitazama kwa muda mrefu. Alimwona mwanamke huyu akimsubiri, akaona jinsi alivyoishikilia chaki, na ingekuwa rahisi mno kumpa neno tamu.

"Hapana," alisema. "Umepinda. Hapa, karibu na shingo."

Shangazi akashusha pumzi. Mshonaji alitazama pale alipoonyeshwa. Akaufuta mstari kwa kiganja, akachora tena, taratibu, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo.

"Sasa je?"

"Sasa umenyooka."

Akamwamini. Akauchukua mkasi akaanza kukata.