Siku Mbili Mfangano

Jua la saa sita mjini Homa Bay halina huruma, na bado Roseline Atieno alikuwa akiuza majaketi ya baridi, ya mitumba. Sokoni walimcheka sana, mji wenyewe watu hulala madirisha wazi. Siku moja ya soko, mwanamume mrefu mwenye ovaroli iliyojaa grisi alisukumwa na umati, akaangukia meza yake. Akainuka na jaketi mkononi.

"Hii inazuia upepo?"

"Upepo gani, baba? Na hiyo ni ya wanawake."

"Hujafika kisiwani Mfangano wewe. Kule ukisalimia mtu, upepo ndio unaitikia. Kama muuzaji atanifunga zipu, navaa hata ya pinki."

Roseline akamfunga zipu hadi kidevuni. Jasho lilimtiririka yule bwana, lakini hakuivua mpaka alipopewa namba ya simu. Aliitwa Cephas, fundi wa injini za boti.

Simu zikaanza, asubuhi na jioni. Wiki ya pili Roseline alimweleza ukweli: mumewe, Levis, aliugua akafariki miaka mitatu iliyopita, akazikwa kwao karibu na Osiri, upande wa Migori. Na yeye alikataa kurithiwa na ndugu ya mume. Kwa wazee wa kwao, mjane ambaye hajatakaswa kwa kulala na mwanamume haruhusiwi kulala katika boma la watu, eti ataingiza mkosi. Cephas akauliza, "Na kwa chai unaweka sukari vijiko vingapi?" Hapo ndipo Roseline alipompenda.

Mwezi wa nne wa simu hizo Cephas akamwambia, "Jaber, mrembo wangu, Jumamosi twende kwetu. Siku mbili tu, umwone mama. Tutapanda boti Mbita asubuhi, kabla ziwa halijachafuka."

Roseline alitoa gauni la kitenge la manjano ambalo hakuwa amelivaa tangu msiba. Akalishonea pindo zito, upepo usije ukamwaibisha mbele ya mama mkwe. Alikuwa akijipima kwenye kioo simu ilipolia. Ni Obare, ndugu ya marehemu.

"Shemeji, nasikia unavuka maji."

"Umesikia vizuri."

"Wewe ni chi liel, mke wa kaburi. Ukilala kwa watu wakipatwa na jambo, utasema nini?"

"Nitawaambia pole, kama watu wengine."

"Njoo nyumbani utakaswe kwanza. Mwanamume yuko."

"Najua yuko, shem. Ni wewe." Sauti yake ikapanda. "Levis nilimwosha, nikamlisha na kijiko, nikamzika. Mimi sina uchafu."

Akakata simu.

Alhamisi Cephas naye akapiga. "Jaber, nimebadilisha kidogo. Utalala gesti pale Sena. Nyumbani tutafika mchana tu."

"Mchana tu? Kwa nini?"

"Ni... mambo ya nyumbani."

"Mambo ya nyumbani ni mimi, sivyo? Obare ameniita mkosi waziwazi. Wewe unanificha gesti. Afadhali yeye!"

Akazima simu. Maneno ya Obare yalikuwa yamemkasirisha. Haya ya Cephas yalimliza, kwa sababu huyu alimpenda.

Ijumaa saa nne Cephas alikuwa mbele ya meza ya majaketi, macho mekundu, suruali imelowa hadi magotini.

"Simba yangu haina paa," akasema.

"Nini?"

"Ile nyumba yangu ya ujana pale bomani. Upepo wa Jumatatu umeng'oa mabati yote, moja tumelitoa ziwani. Na mtu mzima halali na mpenzi wake kwa nyumba ya mama, mila hiyo unaijua."

"Mbona hukusema?"

"Nilijisifu kwako nina nyumba safi. Sasa ningesema nina kuta?"

Wateja wakaangua kicheko. Roseline alijaribu kubaki na hasira, ikamshinda.

"Nilidhani unaogopa ujane wangu."

"Naogopa upepo, Rose. Wewe nakuogopa tu ukizima simu."

"Mama anajua sijatakaswa?"

Cephas akainamisha macho. "Anajua wewe ni mjane. Hilo lingine hajauliza, na mimi sijasema."

"Basi nitalisema mimi, langoni, kabla sijaingia. Akikataa, narudi."

"Akikataa tunarudi wawili. Mimi nataka kukuoa, Rose. Utakubali?"

"Unaniposa katikati ya mitumba?"

"Ndiyo, hapa hapa."

"Ngoja kwanza nifike hilo lango."

Jumamosi, mlimani Mfangano, upepo ulivuta gauni la manjano kana kwamba linagombaniwa. Mama Cephas alitoka jikoni, mwembamba, leso kiunoni, mikono ikinukia samaki. Roseline akasimama nje ya lango.

"Mama, mimi ni mjane. Sijatakaswa, na sitakubali kutakaswa. Niingie ama nirudi?"

Mama alimtazama mwanawe, kisha akaitazama ile simba, kuta nne zimeangalia mbingu.

"Upepo umebeba paa la nyumba ambayo mjane hajawahi kukanyaga," akasema. "Sasa wewe utatuletea mkosi gani mpya? Ingia, nyathina, mwanangu. Samaki anapoa."

Roseline akavuka lango kwa miguu yake mwenyewe, kichwa juu.

"Cephas," akaita bila kugeuka, "lile swali la jana, jibu ni ndiyo."