Nyayo Chini ya Saruji

Saruji ilikuwa imekauka, na fundi alishaikagua na kwenda zake, lakini sehemu moja katikati ya ua ilibaki na unyevu. Luan Peizhi aliiona alipokuwa akitoka jikoni na bakuli lake la tambi. Doa lenyewe lilikuwa dogo, la kufunikwa na viganja viwili. Akaligusa kwa kidole cha mguu. Lilikuwa vuguvugu, kama mahali ambapo mtu amesimama pekupeku kwa muda mrefu na ameondoka sasa hivi.

Alikula tambi zake akiwa amelipa doa mgongo.

Nyumba ile, nje kidogo ya mji wa Cangzhou, ilikuwa ya walimu wakuu wa mtindo wa kupigana uitwao Ngumi ya Kinu. Vibao vya majina yao vilisimama ukumbini juu ya meza ya udi, mwalimu nyuma ya mwalimu, wote wanaume wa ukoo wa Xing, hadi kwa Xing Dinghai, baba mkwe wake. Dinghai hakujaliwa mtoto wa kiume. Kiti alimpa Luan, mwanafunzi aliyemwoa binti yake. Lakini mkondo wa mwisho wa ngumi, mfuatano wa hatua na mapigo ambao mwalimu mkuu humfundisha mrithi peke yake, alimwachia binti mwenyewe, Suzhen.

"Mfundishe mumeo," alimwambia. "Akiweza."

Suzhen alimfundisha mchana baada ya chakula, saa ambayo wanafunzi wote hulala, lango likiwa limefungwa, kwa kuwa haikufaa mtu amwone mwalimu mkuu akisahihishwa na mkewe. Luan hakuupata. Kila mara alikosea palepale, na mwishowe akaacha. Suzhen aliendelea peke yake mwaka hadi mwaka, akikanyaga mahali pamoja, mpaka matofali ya ua yakabonyea na kuacha nyayo mbili zilizo wazi. Wageni walizisifu. "Mwalimu, hizi ni kazi ya umri mzima," walisema, na Luan alitabasamu, akanyamaza. Sifa yake ilikua kwa kunyamaza huko.

Majira ya baridi Suzhen alifariki. Kabla ya kukata roho hakuomba kibao. "Majina yenu sina haja nayo," alisema, sauti ikiwa imebaki uzi. "Nyayo zangu tu. Msiziguse."

Luan alimshika mkono akasema sawa.

Kisha, siku za kufagia makaburi zilipokaribia, mzee mmoja wa ngumi kutoka mji jirani alikuja kuwasalimu. Alivua kiatu kwa utani, akaingiza mguu katika unyayo mmoja. Ukakataa kuingia.

"Ndugu Luan," akasema, "ujanani ulikuwa na miguu ya bibi harusi?"

Ua mzima ulicheka, na Luan naye alicheka. Wiki ileile alimwita fundi azifunike nyayo kwa saruji. Bao Tielin, mwanafunzi wake, alikuwa karibu kumtolea chai mbele ya wageni ili apokewe kuwa mrithi. Ua ungejaa watu. Mtu angeweza kujikwaa. Hivyo ndivyo alivyomweleza binti yake, Hui.

"Mama alijikwaa lini?" Hui aliuliza.

Siku iliyofuata baada ya lile doa, Luan alikuwa amejilaza baada ya chakula aliposikia kishindo cha mguu uani. Tu. Kimya cha pumzi moja. Kisha tu-tu. Akadhani ni Bao anajipendekeza kwa mazoezi ya ziada, akataka kumkaripia, ndipo sauti ya Bao ikatoka nyuma ya pazia la chumba cha pili.

"Mwalimu," alinong'ona. "Umetoka nje?"

"Niko hapa."

"Basi nani yuko uani?"

"Lala, Bao."

"Nimelala, Mwalimu. Nilikuwa nimelala."

Wakachungulia pamoja. Jua lilikuwa utosini na ua ulikuwa mtupu, hauna kivuli cha kitu chochote. Kilichokuwapo ni harufu ya pombe ya kuchulia aliyoitengeneza Suzhen, yenye mizizi na maua mekundu. Chupa ya mwisho Luan aliivunja mwenyewe baada ya mazishi kwa kuwa hakuweza kuivumilia.

Mchana uliofuata kishindo kilirudi, na mwingine pia. Hui akamleta Mama Diao, mpunga pepo wa ng'ambo ya mfereji, mwanamke mnene aliyetafuna mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye kiganja. Alizunguka ua na udi wake, akasimama juu ya doa, akacheka puani.

"Pepo la njaa nalijua," alisema. "La kisasi nalijua pia. Huyu hana shida na mtu. Yuko kazini. Mzee Luan, kuna kitu chake mmekikalia?"

Bao alikuwa pale, na Hui alikuwa mlangoni akimtazama baba yake. Ilikuwa rahisi kusema. Maneno yalikuwa machache.

"Hakuna," alisema Luan.

Mama Diao alizima udi kwa vidole akaurudisha mfukoni. "Basi nitafutieni kazi nyingine. Nikimpunga mwenye nyumba, nitakuwa nimemwachia nani nyumba?"

Siku ya chai ilifika. Luan alikaa kwenye kiti cha walimu wakuu, kilichowekwa katikati ya ua, wageni wakiwa wamejipanga pande zote na vibao vya majina ukumbini nyuma yake, na Bao akapiga magoti, akainua kikombe kwa mikono miwili. Tu. Chai ilitikisika. Bao alisita, akainua tena, na wakati huo Luan akasikia harufu ile ikipanda kutoka chini ya viatu vyake, kali kama siku Suzhen alipomchua bega akimwambia amekosea palepale tena, na saruji ikalainika chini yake kama uji, nyayo zake zikashuka taratibu, zikaingia mahali palipokuwa padogo mno kwa miguu yake, pakamkamata vidole na visigino na kubana mpaka jasho likamtiririka shingoni, na mbele yake alimwona Hui kati ya wageni, mikono kifuani, akingoja baba yake aseme jina moja tu, na alijua kwamba akilisema patamwachia, na alijua pia kwamba kila mtu pale alikuja kwa ajili ya nyayo ambazo hazikuwa zake.

"Mwalimu," Bao alinong'ona. "Chai itapoa."

Luan alikipokea kikombe, akanywa.

Wageni walipiga makofi. Hui aligeuka akaingia jikoni.

Tangu siku hiyo, kila mchana, miguu ya Luan humwinua kitandani. Siku moja alijifunga kitandani kwa mkanda. Miguu ikapiga ubao wa kitanda, tu, kisha tu-tu, mpaka Hui akaja kumfungua. Luan hutoka, husimama katikati ya ua, na mkondo wa mwisho, alioukosea maisha yake yote, hupita mwilini mwake bila kosa hata moja. Yeye hulia. Miguu haimsubiri amalize.

Kiangazi, mzee wa mji jirani alirudi. Alisimama akaitazama saruji iliyobonyea upya, nyayo mbili ndogo, safi.

"Ndugu Luan, si niliambiwa ulizifukia? Hizi sasa za nani?"

Luan alifungua kinywa kujibu, safari hii akiwa tayari kusema kweli. Sauti ya mwanamke ikamtangulia, tulivu, kutoka kooni mwake.

"Zangu."

Jikoni, kisu cha Hui kiliacha kukata vitunguu.

"Abee, Mama," akaitika.