Simu ya Shimo Zima

Vumbi la karasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu kule Nyarugusu, halimheshimu mtu, na siku ile lilimkuta Asteria amevaa gauni la bluu na viatu vyeupe. Ofisi yao ya Shinyanga mjini ilimtuma akatazame wachimbaji wanavyopanga zamu za kusaga mawe. Alikuwa akitengeneza msaidizi wa kwenye simu, programu ya akili bandia ambayo mchimbaji angeiandikia aulize zamu yake itafika lini.

"Dada, na viatu hivyo, harusi iko wapi?" mtu alimchokoza kutoka nyuma ya viroba.

Ndivyo alivyomfahamu Bujiku, msimamizi wa duara la wachimbaji kumi na mmoja, kijana mrefu aliyepauka vumbi mpaka kwenye kope. Bujiku akamtembeza kwenye foleni ya viroba vilivyoandikwa majina kwa mkaa.

"Hapa hakuna kurukana. Na kila mtu mawe yake yanasagwa peke yake. Ukichanganya mawe ya watu wawili, dhahabu utampa nani?"

"Nimeelewa."

"Umeelewa, au unaniangalia tu?"

Asteria alicheka mpaka akasahau viatu. Siku hiyo hiyo wakapeana namba.

Miezi minane wakaishi kwenye simu.

"Umekula, ng'wanawane?" Bujiku angeuliza, akimbembeleza kwa Kisukuma.

"Sili mpaka uje."

"Basi utakufa njaa, mimi nashuka shimoni sasa hivi. Na simu naiacha juu kwa mama ntilie. Simu yangu ni ya shimo zima, mpenzi, kila anayetoka anaishika."

Asteria aliona ni maneno ya kumchekesha tu, akacheka.

Msaidizi alipoanza kazi, tatizo likajitokeza mapema. Watu wa kule huandika kwa vipande: salamu kwanza, kisha habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, halafu ndipo jambo lenyewe. Msaidizi alivijibu vipande vyote kwa mpigo, majibu yakapishana, la mwisho likatangulia la kwanza. Asteria akaweka foleni. Kila namba akaipa kufuli lake: ujumbe mmoja ukishughulikiwa, unaofuata kutoka namba hiyo husubiri mpaka wa mbele umalizike. Namba moja, mtu mmoja. Alijipongeza kwa kazi hiyo.

Jumatano, siku tatu kabla ya wazee wa Bujiku kuja kwao Ibinzamata kumposa, alikuwa akikagua kumbukumbu za mazungumzo. Akaona namba anayoijua kwa moyo.

"Mke wangu amejifungua salama, mtoto wa kike. Nani atashika zamu yangu ya karasha?"

Chini yake msaidizi alikuwa amejibu: "Hongera sana, Bujiku!"

Hakupiga simu kuuliza. Angeuliza nini, na jina limeandikwa pale? Aliifungia ile namba kwenye simu yake isimfikie tena, akaenda kumwambia baba yake kwamba posa hiyo haipo.

Jumamosi mzee Nkwabi, baba mdogo wa Bujiku, aliwasili kutoka Kharumwa na wenzake wawili, koti la suti limepigwa pasi. Asteria, akiwa chumbani, alimsikia.

"Tumetumwa na kijana wetu, ndugu yangu."

"Kijana wenu ana mke. Rudini salama," baba yake alijibu. Hata viti hawakupewa. Asteria alilia akiwa amejifunika kanga usoni, lakini hakutoka.

Wiki tatu baadaye meneja wake, Donatus, alimwita.

"Kuna duara Nyarugusu linalalamika. Namba yao haijibiwi hata kidogo."

Alipoifungua foleni ya namba hiyo, ile ile ya Bujiku, alikuta jumbe thelathini na saba zimepangana. Wa kwanza ulikuwa wa sauti, dakika nne. Msaidizi alishindwa kuusoma, akakwama nao bila kuachia kufuli, na yeye Asteria hakuwa ameweka muda wa kulifungua. Jumbe zote za nyuma zilikuwa zikisubiri.

"Asteria, najua programu hii ni yako. Umenifungia, sina njia nyingine."

"Mwambie Asteria nampenda."

"Dada, mimi ni Mihayo. Aliyejifungua ni mke wangu mimi. Nilitumia simu ya Bujiku. Nisamehe."

"Baba mdogo hajala tangu arudi."

"Asteria, nijibu hata tusi."

Alilifungua kufuli ili foleni ianze kujibiwa, na asubuhi iliyofuata akapanda basi.

Alimkuta Bujiku kwenye foleni ya karasha, ameketi juu ya kiroba chake. Alikuwa amekonda.

"Nilidhani namba moja ni mtu mmoja," Asteria alisema, na machozi yakamtangulia. "Nisamehe, mpenzi wangu. Watume tena wazee. Baba nitamweleza mwenyewe, nitapiga magoti."

Bujiku aliinuka kutoka kwenye kiroba.

"Nilikwambia siku ile ya kwanza, hapa hapa. Ukichanganya mawe ya watu wawili." Alifuta uso kwa kiganja. "Nimekusamehe, Asteria. Lakini mzee alirudishwa kutoka mlangoni kwenu kama mwizi. Tulimzika Jumanne. Ukoo hautatuma mtu kwenu tena, na mimi siwezi kuoa kwa kuwaruka."



Mtandao, uliokuwa umekatika tangu jana, ukarudi. Simu mfukoni mwa Bujiku ikaanza kulia, mara moja, mara ya pili, ikaendelea. Majibu ya msaidizi yalikuwa yakiingia kwa mpangilio, moja baada ya jingine, bila kugongana. Bujiku aliitoa, akasoma, akamgeuzia kioo.

"Mwambie Asteria nampenda," yeye alikuwa ameandika.

"Nimekuelewa, Bujiku," msaidizi alijibu. "Nitamwambia."

"Ameniambia," Asteria alisema.

Mwenye karasha akaita jina lililoandikwa kwa mkaa. Bujiku alimwachia simu mkononi, ikiwa bado inalia, akabeba kiroba chake akaingia kwenye vumbi.